Mto Thuci Juu ya Amerikani

Kwa miaka mingi nilijua kuchora mto kwa njia moja tu: mistari miwili ya buluu inayopinda, na samaki katikati. Ndivyo wenye hoteli walivyotaka. Nilikuwa mwandishi wa mabango mjini Meru, na kibanda changu kilikuwa kando ya barabara ya Kinoru, kati ya fundi wa viatu na mama aliyeuza mitumba. Niliandika maduka, bucha na vinyozi, na magari ya kubeba miraa kutoka Kangeta, ambayo kila mwenye gari alitaka yawe na maneno ya kutisha nyuma. Kwenye mabango mstari ndio kila kitu. Unapiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, unajaza rangi, unazungushia nyeusi, unaenda nyumbani. Asubuhi rangi imekauka na bango linapandishwa.

Kazi hiyo nilipewa na mwalimu mkuu wa shule tuliyosoma, upande wa Kaaga, na picha ninayotaka kueleza nilimchorea yeye.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, baba kwanza, kisha mama. Nyuma yangu kulikuwa na mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba wa kike aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Nilirudisha vitabu vya shule mwenyewe. Mwalimu hakunisihi nibaki, kwa sababu alijua kwamba kwetu hakukuwa na mtu mwingine wa kuwasha moto. Alivipokea vitabu, akavipanga kabatini, kisha akaniuliza kama ule mwandiko wangu mzuri bado ninao. Nikasema ninao. Akanipa kopo la rangi nyeusi na brashi, akaniambia niandike majina juu ya milango: Ofisi, Stoo, Darasa la Kwanza. Nilipomaliza milango akatafuta ukuta wa kuchorwa ramani ya Kenya. Baada ya ramani, sehemu za ua. Baada ya ua, saa kubwa ya kufundishia watoto. Nilichora mtoto akiwa mgongoni, nikiyumba kidogo ili alale, na ndiyo maana mpaka wetu na Tanzania ukutani pale ulikuwa na mawimbi. Watu waliopita waliona, wenye maduka wakaanza kuniita, na hivyo ndivyo tulivyokula. Ndugu yangu akapita shule ile, kisha kitinda mimba naye akapita, na hakuna aliyewahi kuchapwa kwa kuchelewa. Mwalimu alijua nani alikuwa ameenda kisimani.

Mwalimu huyo alikuwa Mwembu. Alizaliwa kwenye kilima kilicho juu ya mto Thuci, pale Embu inapoishia na Meru kuanzia, akavuka akiwa msichana kuja kufundisha kwetu, na akafundisha kwetu mpaka nywele zikawa nyeupe. Kimeru chake kilikuwa na Kiembu ndani yake, na watoto walikiiga wakiwa chooni. Alipofika wakati wa kustaafu, wazazi wa shule tuliitwa mkutanoni kuamua tumpe nini. Nilikuwa mzazi pia, kwa ajili ya kitinda mimba. Mwenyekiti akataja tangi la maji, mwingine akataja ndama, akina mama wakataka viti vya sebuleni. Viti vikashinda. Ndipo nikasimama nikasema kwamba mimi kwa upande wangu ningependa kumchorea mto wa kwao.

Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye kahawa nyingi na sauti iliyozoea kuita wafanyakazi shambani. Aliniangalia kwa huruma.

“Mwari,” akasema, “mwalimu ako na mto kwao. Hii ingine ni ya nini?”

Watu wakacheka, na mimi pia nikacheka. Lakini sikukaa. Nikaeleza kwamba viti ni shukrani ya shule, nami nilikuwa na shukrani yangu. Akaridhia, kwa sharti kwamba chini ya picha niandike kwa herufi kubwa zenye kivuli, zile za bango la bucha, MTO THUCI. KWAHERI MWALIMU. Nikamwomba anipe nafasi kwanza. Nikamwambia kwamba mwalimu akiiona picha asijue ni wapi, nitaandika herufi hizo mbele ya watu wote, kwa rangi nyekundu. Akijua mwenyewe, picha ibaki bila neno.

“Na usimwambie,” nikasema.

“Sitamwambia. Lakini tafuta hiyo nyekundu uiweke karibu.”

Sasa nieleze kwa nini niliweza kusema maneno makubwa hivyo mkutanoni. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeitwa hospitali ya misheni kuandika bango la kliniki ya watoto. Kwenye ukumbi kulikuwa na picha ukutani, na nilipoweka ngazi yangu karibu nayo niliona uchafu mtupu: madoa ya kijani, madoa ya zambarau, rangi nene kama siagi juu ya mkate. Nikafikiri ni kitambaa cha kupangusia brashi ambacho mtu amekitundika. Baadaye nilisogeza ngazi hadi upande wa pili wa ukumbi, nikageuka kuchukua kopo, na ule uchafu ulikuwa mto Kathita. Maji yalikuwa yakienda. Nikarudi karibu, mto ukavunjika. Nikarudi nyuma, ukaungana.

Picha ilikuwa ya Sista mmoja mzee, Mzungu, aliyesimamia duka la dawa la hospitali na kuchora siku zake za mapumziko. Aliniona nikienda mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza kitu. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote, cha vitabuni. Alinieleza kwamba zamani kulikuwa na watu huko Ufaransa waliochoka kuchora mito wakiwa ndani ya nyumba, wakabeba rangi zao mpaka ukingoni na kuchora mwanga ulivyokuwa saa ile ile, haraka, kabla haujahama. Wenzao waliwacheka sana. Nikamwomba nimwone akichora, akanikubalia, na kwa wiki kadhaa nilimbebea kiti hadi Kathita.

Nilijifunza kwanza kwamba hana rangi nyeusi. Nilipekua sanduku lake nikidhani tyubu imeanguka njiani. Akasema haikuwahi kuwepo. Kivuli cha mgomba alikipaka buluu pamoja na wekundu wa udongo, na kilikuwa kizito kuliko nyeusi yoyote ya dukani, lakini kilipumua. Nilijifunza pia kwamba kijani cha majani hakitoki kwenye tyubu ya kijani peke yake. Ukiweka alama ndogo nyekundu kando yake, kijani kinaamka. Na rangi hazikorogwi mpaka ziwe uji. Unaziweka kando kwa kando, unayaachia macho ya mtazamaji yazikoroge.

Aliponipa brashi, mkono wangu ulifanya ulichozoea. Nilipiga mistari miwili inayopinda.

“Unaandika mto kama jina la duka,” Sista akasema.

Ilinichukua muda kuacha. Brashi za mabango ni ndefu na laini, zinaenda kama kalamu. Zake zilikuwa fupi, bapa, za nywele ngumu za nguruwe, na kila mgusano uliacha mifereji midogo ndani ya rangi kama shamba lililolimwa. Mifereji hiyo ndiyo iliyoshika mwanga. Maji aliyapaka kwa migusano ya kulala, majani kwa ya kusimama, na hapa na pale aliacha weupe wa kitambaa uonekane, kwa sababu hakuna rangi nyeupe inayong'aa kama ile ambayo hujaipaka. Aliporudi kwao kwa ajili ya afya yake aliniachia sanduku: tyubu zilizobanwa nusu, brashi, na kibao cha kuchanganyia chenye tundu la kidole gumba.

Kwa hiyo rangi nilikuwa nazo. Kitambaa sikuwa nacho. Nilinunua amerikani, ile nzito isiyopaushwa, nikaifua kwa maji ya moto mpaka wanga wote ukatoka, nikaianika. Kisha nikafanya kosa ambalo kila mtu wa kwetu angelifanya. Nyumba zetu tulikuwa tukibandika magazeti ukutani kwa uji wa unga wa ngano ili upepo usipite, na uji huo ulishika miaka mingi. Nikaona kama unashika gazeti, utaziba pia matundu ya kitambaa. Nikapaka amerikani uji, ukakauka vizuri, ukawa kama ngoma. Asubuhi ya pili mbuzi wa jirani alikuwa amelamba pembe nzima, na mende walikuwa wamemalizia kwingine.

Ndugu yangu ndiye aliyenitoa hapo. Wakati huo alikuwa seremala upande wa Runyenjes, kule Embu, na nilimpelekea habari ya mbuzi akacheka hadi akaweka msumeno chini.

“Mkubwa, umempikia mbuzi chapati.”

Akanipa gundi yake ya useremala, ile inayouzwa kwa vipande vya kahawia na kutengenezwa kwa ngozi. Unailoweka mpaka ivimbe, unaiyeyusha ndani ya sufuria iliyo ndani ya sufuria nyingine ya maji, na usiiache ichemke, maana ikichemka nguvu inatoka. Hiyo ndiyo inayozuia mafuta ya rangi yasifike kwenye nyuzi na kuziozesha. Juu yake nikapaka ule unga mweupe wa kutengenezea pati ya kushikishia vioo vya madirisha, nikiuchanganya na gundi hiyo hiyo na mafuta kidogo, tabaka moja, nikasugua kwa msasa, tabaka la pili, nikasugua. Fremu aliitengeneza yeye kwa mti wa mukima uliokauka barabara. Alikataa katakata kutumia mbichi, ingawa nilikuwa na haraka. Amerikani tuliivuta wawili, yeye upande huu na mimi ule, tukaigongelea kwa vijisumari vya fundi viatu, tukianzia katikati ya kila upande na kwenda pembeni. Ukiigonga kwa kidole ililia.

Kutoka kwake hadi Thuci palikuwa karibu. Barabara ilishuka bondeni kwa kona nyingi, ikavuka, ikapanda Meru. Nilivuka daraja, nikateremka upande wetu hadi mahali ambapo ningeweza kuangalia ng'ambo, kwenye kilima cha akina mwalimu. Sikuwa nimewahi kuingia kwao. Nilijua tu, kwa alivyotusimulia darasani, kwamba njia yao ya mtoni ilishuka kati ya migomba hadi mahali mto unapopanuka.

Mvua za vuli zilikuwa zinaelekea mwisho. Mto ulikuwa umejaa, na haukuwa na buluu hata tone moja. Chini ya miti ulikuwa kijani cha chupa. Katikati ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, kwa ajili ya udongo wa mashamba ya juu. Pale anga ilipojitazama ndani yake, juu ya chai ile ile, kulikuwa na ngozi nyembamba ya fedha. Nilikaa nikitazama mpaka wanawake waliokuwa wakichota maji wakaulizana kwa Kiembu kama mimi ni mgonjwa.

Nilipaka asubuhi tu. Jua lilichelewa kuingia bondeni, likapita juu ya kilima cha Embu, likashuka kwenye migomba, na lilipofika majini nilikuwa na muda mfupi kabla kila kitu hakijawa cheupe na bapa. Likifika hapo nilifunga sanduku na kwenda kumpikia ndugu yangu. Kesho yake nilirudi saa ile ile. Mawingu yakifunika, nilingoja, na yasipoondoka sikugusa picha. Ndugu yangu alisema hajawahi kuona kazi ambayo fundi anafukuzwa na jua linalowaka.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Ng'ambo ya pili ilikataa kukaa ng'ambo. Migomba ilikuja mbele kama inataka kuvuka. Nikakumbuka Sista alivyoongeza buluu na weupe kwenye kila kitu kilicho mbali, nikafanya hivyo, na kilima kikarudi mahali pake. Kisha ukingo wa mto ukanishinda. Kahawia ya tyubu ilikuwa kahawia ya mahali pengine. Mwishowe nilichimba udongo wenyewe, ule mwekundu wa Embu, nikaukoroga kwenye maji, nikachuja kwa kitambaa, nikaacha utulie, nikakausha unga uliobaki juu ya bati. Niliusaga kwa mafuta ya mbegu za kitani, ambayo maseremala waliyaita linsidi, juu ya kioo cha dirisha, nikitumia kitako cha chupa, nikizungusha hadi usisikie mchanga tena. Ulipokaa pichani ulikaa kama uliozaliwa hapo.

Halafu nyeupe ikaisha. Nyeupe ndiyo inayoisha kwanza, kwa sababu iko ndani ya karibu kila rangi ya anga na ya maji. Meru nzima hakukuwa na duka la kuuza tyubu hizo. Nilienda kwa mwenye duka la dawa, nikanunua unga wa zinki, ule akina mama wanaowapaka watoto wenye vipele vya nepi, nikausaga kwa linsidi vile vile. Ilitoka nyeupe safi, baridi kidogo, nzuri sana kwa maji yanayokimbia. Niliipaka kwa wingi, nene, maana nilikuwa nimefurahi kuwa nayo. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba zinki iliyosagwa hivyo haina haraka ya kukauka. Rangi ya bango inalala usiku mmoja. Hii ilipita wiki baada ya wiki, na kila nilipoigusa kwa ncha ya kidole, kidole kilirudi na mto.

Siku ya kumuaga mwalimu ikafika, shule ikiwa inafunga mwaka. Nilibeba picha kutoka nyumbani nikiishika kwa mbao za nyuma, uso ukitazama juu, nikaisimamisha kwenye meza ndani ya ofisi. Nikamwambia mwenyekiti na akina mama waliokuwa mle kwamba bado ni mbichi, mtu asiiguse. Wakaitikia. Kisha nikaenda kwenye moto, kwa sababu mzazi wa kike siku ya sherehe yuko kwenye sufuria, awe ni fundi au si fundi. Tuliponda mukimo wa shule nzima, viazi na mahindi na majani ya kijani pamoja.

Sasa, kwetu hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi. Kiti kina kitambaa cha kufuma mgongoni na viwili mikononi. Redio ina chake. Jagi lina chake chenye shanga pembeni. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimefuma vitambaa vyeupe vya kufunika vile viti vipya, maua kwa maua, kazi ya miezi, na kilipobaki kimoja kikubwa waliona picha ya mwalimu imesimama hapo bila nguo, siku ya wageni. Na kwa kuwa zawadi lazima ifunuliwe mbele ya watu, walikifunga kabisa, wakakivuta kikaze, wakakipiga pini nyuma. Waliniambia baadaye kwamba walikuwa waangalifu sana wasiiguse kwa mikono.

Nilikuwa nafuta mikono kwenye leso nilipoona meza ikiletwa mbele, chini ya turubai, na juu yake kitu cheupe chenye maua. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando yake na kona ya kitambaa mkononi, akimaliza hotuba. Alikuwa na nia ya kukivuta kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayefungua zahanati. Mwalimu alikuwa ameketi mbali, upande wa pili wa uwanja, kati ya wageni, kwenye kiti kipya.

Nilipita katikati ya uwanja. Haikuwa kawaida mwanamke kutoka jikoni na kumkatiza mzee akiwa anahutubia. Nilimshika mkono.

“Mzee, naomba nifungue mimi.”

“Imekuwa nini?”

“Imeshika.”

Akaangalia, akaona mafuta yametokeza kwenye matundu ya maua, akaachia kona kama aliyeungua. Nikatoa pini. Nikainua kitambaa kuanzia chini, polepole, kama unavyotoa jani la mgomba juu ya chungu ili mvuke usikuchome. Kililia kidogo kikitoka. Ncha zote za rangi nene zilikuwa zimelala, na juu ya maji, kutoka ukingo hadi ukingo, kulikuwa na alama za maua ya kufuma, safu kwa safu. Kitambaa nacho kilikuwa kimeondoka na mto mwembamba, uliogeuzwa. Mama mmoja wa kikundi aliweka mkono mdomoni.

Walioketi karibu wakasogea, kwa kuwa kwetu kitu kizuri hutazamwa kwa kukikaribia, kama mtu anayechagua maharagwe. Wakaweka nyuso zao mle.

“Ni shamba ya kahawa,” mmoja akasema. “Imeshikwa na ugonjwa.”

“Ni matope tu.”

“Wewe, hiyo ni mukimo.”

Vicheko vikaanza. Mwenyekiti alinitazama, na sikuona kejeli usoni mwake. Aliona aibu kwa niaba yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile nyekundu nimekuja nayo. Nilikuwa nayo, mfukoni mwa aproni, pamoja na brashi ya kuandikia. Nikasema tungoje kidogo.

Mwalimu alikuwa amesimama. Alivaa miwani, akaanza kuja, na nilitamani kumwambia asije, abaki palepale, maana kila hatua ingemvunjia mto. Alifika katikati ya uwanja akasimama mwenyewe. Akarudi nyuma hatua chache. Watu waliokuwa wakicheka wakamwangalia, wakanyamaza mmoja mmoja.

“Ondokeni mbele,” akasema, kwa ile sauti ya gwaride, na wazee wenye mvi wakakimbia pembeni kama darasa la tatu.

Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza:

“Ulikuwa umesimama upande gani?”

“Upande wa Meru, mwalimu.”

“Ndiyo maana. Sisi tuliuona kutoka kule.” Akanyoosha mkono kuelekea migomba, na kidole chake kikashuka polepole hewani, kikifuata njia ambayo sikuwa nimeichora ila kwa migusano michache ya manjano. “Na jiwe la kufulia liko wapi?”

Nikamwambia mto ulikuwa umejaa, sikuona jiwe.

Akakaribia zaidi sasa, akipita pale ambapo picha huvunjika, bila kujali, mpaka akasimama mbele yake. Akaonyesha mahali karibu na ukingo wa Embu, chini ya ua moja la kitambaa.

“Liko hapa. Maji yanapanda juu yake, halafu yanakunjika hivi. Umelichora.”

Mimi sikujua kwamba kulikuwa na jiwe. Nilikuwa nimeona maji yakijikunja pale kila asubuhi, meupe upande mmoja na ya kijani upande wa pili, nikapaka nilichoona. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa kama alivyokuwa akifanya akisahihisha daftari na kukuta jibu sahihi bila hesabu zake, akalipatia alama hata hivyo. Kisha akavua miwani, na akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alisema jambo kwa Kiembu ambalo halikuwa la wengine, nami sitaliandika.

Mwenyekiti alikohoa. Akatangaza kwa sauti yake ya shambani kwamba, wazazi, huo ni mto Thuci, na kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Nilitaka kurudi na picha nyumbani niifanyie kazi upya, niondoe maua. Mwalimu alikataa. Akina mama wa kikundi walikuwa wakihangaika na kitambaa na mafuta ya taa, wakigombana ni nani aliyetoa wazo, naye akawaita akawaambia kwamba amepata zawadi mbili kwa bei ya moja, maji yake yamefumwa. Hapo ndipo walipocheka, na mimi nikacheka nao hadi nikakaa chini.

Wiki iliyofuata tulimsindikiza kwao kwa pikapu ya mzazi mmoja. Viti vilifungwa kwa kamba nyuma, nami nikaketi kwenye kimoja nikiwa nimeishika picha mapajani, uso juu. Barabara ilikuwa kavu sasa. Tulipoanza kushuka kona za Thuci vumbi jekundu lilitufunika sote, likatua juu ya anga yangu, juu ya migomba, likashika. Nilijaribu kulipuliza. Mwalimu aligonga kioo cha nyuma akiwa mbele na dereva, akanipungia kidole: niache.

Tuliisimamisha sebuleni kwake, mbali na kuku. Asubuhi, kabla ya chai, aliniita tukateremka kati ya migomba. Maji yalikuwa yamepungua, na jiwe lilikuwa nje, bapa, jeusi, limelainishwa na magoti ya watu wengi. Mwalimu akavua viatu, akapandisha sketi, akaingia majini akalikalia. Miguu yake ikawa ndani ya maji hadi kwenye mashavu ya miguu. Jua lilikuwa linaanza kushuka kilimani nyuma yake. Sikuwa na brashi wala kibao. Nikakaa ukingoni, upande wa Embu kwa mara ya kwanza, nikaangalia ng'ambo mahali nilipokuwa nimesimama, mpaka aliponiambia nikalete sabuni na nguo zake za safari, na tukafua.